Plagi za Kupashia

Plagi nne zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki katikati ya meza, na Rota alikataa kuzitazama.

"Nimeshasema," alisema. "Nilibadilisha. Nilimwambia yule wa kwanza, nikamwambia yule mwenye mafua, sasa nakwambia wewe. Mkitaka niimbe, nileteeni ngoma."

Inspekta alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye subira ya mtu aliyelea watoto waongo na bado akawapenda. Jalada lilimfikia asubuhi hiyo, baada ya yule mwenzake mwenye mafua kuomba ruhusa. Mkuu wa kituo aliliweka mezani kwake akasema kesi imeshaiva, kilichobaki ni kupakua: apitie maelezo, atie sahihi, lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa. Inspekta hakupenda kupakua chungu ambacho hakukipika mwenyewe.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja. Siku ya mashindano ya magari, kijana aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba wa nyumba yao, alikuwa kwenye sehemu iliyonyooka, anakwenda mbio, injini ikapasuka. Mafuta yalimwagika chini ya matairi ya nyuma, gari likaacha njia na kugonga ukuta. Kitinda alikufa kabla hajatolewa. Gari lilikuwa mali ya kaka yake mkubwa. Injini ilikuwa kazi ya fundi huyu, Rota, ambaye amemwoa dada yao. Mkaguzi wa magari aliifungua, akakuta plagi zisizo sahihi, akaandika kwamba hizo ndizo zilizoiua. Kisha likaja la pili: siku chache kabla ya mashindano, Rota alimwambia Kitinda, "Utakufa na tamaa yako." Aliyeyasikia maneno hayo na kuyaleta polisi alikuwa mke wa Rota mwenyewe.

"Sikuulizi kama ulibadilisha," Inspekta alisema. "Nataka unifundishe. Mimi gari langu nalishughulikia likianza kulia. Plagi inachaguliwaje?"

Rota alimpandisha na kumshusha kwa macho. Hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi. Hata mahabusu alikuwa amekunja mikono ya shati vizuri, na alizungumza na polisi kama watu waliomletea gari bovu.

"Plagi ya gari lako? Nenda dukani, watakupa."

"Plagi ya gari la Kitinda."

Hapo hakuweza kunyamaza. Mwizi ukimhoji hujifunga, lakini fundi mwenye majivuno mguse tu penye ufundi wake, atafunguka mwenyewe.

"Injini ile haina pistoni," alisema. "Ndani mna pembetatu mbili za chuma zinazozunguka. Hizo ndizo rota. Kila rota ina plagi mbili, ya chini na ya juu. Ya chini inawasha, ya juu inamalizia. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa kuna turbo. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa nyingi, petroli nyingi, moto mwingi. Na ncha ya plagi inashika joto. Kuna plagi inayokaa na joto lake, hiyo tunaiita ya moto. Kuna inayolitoa haraka, hiyo ni baridi. Kwenye presha kubwa ukiweka ya moto, ncha inageuka kaa. Petroli inawaka kabla ya wakati wake. Rota inakwenda mbele, moto unaisukuma irudi nyuma. Zile sili, vyuma vyembamba vinavyoziba kwenye pembe zake, zinavunjika. Kwisha habari."

"Kwa hiyo unaweka baridi."

"Baridi kiasi gani? Hapo ndipo mafundi wa mitaani wanaumbuka. Gari la kwendea kazini, namba saba chini, tisa juu. Ukiongeza presha kidogo, tisa kote. Presha niliyompa Kitinda ilitaka kumi na nusu kote, na pengo la ncha nalibana, maana hewa nzito inazima cheche. Namba ikipanda, ubaridi unapanda."

"Kwa watengenezaji wote?"

Rota alisita. Kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri. "Nani kakwambia? Hapana. Wako ambao kwao ni kinyume, namba ikipanda ni joto linalopanda. Watu wameua injini hapo. Mimi natumia kampuni moja tangu nianze kazi, kwa sababu hiyohiyo."

Inspekta alikuwa amepita kwa muuza spea kabla ya kuja, na kama Rota angejikwaa kwenye swali hilo, kesi ingekuwa ya uzembe tu. Hakujikwaa. Alizisukuma zile plagi mbele yake.

"Kama kumi na nusu ndiyo sahihi, hizi namba saba zilitafuta nini mle ndani?"

"Hizo ni za kupashia."

"Maana yake?"

"Plagi baridi haielewani na injini baridi. Ukiwasha nayo asubuhi inalowa petroli, inashika masizi, cheche hupati. Kwa hiyo unawashia za moto. Injini ikichangamka unazima, unazitoa, unaweka za kazi. Kila mbio. Na siku ile nilifanya hivyo kwa mikono hii."

"Mkaguzi anasema ulisahau."

"Mkaguzi anajua kufungua boneti."

"Na kaka mtu anasema hukusahau. Anasema ulimwachia kusudi."

Majivuno yalimtoka Rota usoni, na pale palipokuwa na majivuno pakaonekana mtu ambaye hajalala. "Shemeji kasema hivyo?"

"Kasema na kutia sahihi. Zitazame, Rota."

Akazitazama. Alianza kwa dharau, halafu akainama mpaka pua ikakaribia mfuko, akawa anazigusa kwa kidole juu ya plastiki, moja baada ya nyingine.

"Hizi zote zilitoka kwenye injini?"

"Zote nne. Mkaguzi alipiga picha akizitoa."

"Zote namba saba?"

"Zote namba saba."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na kilipoisha macho yalikuwa yamelowa. "Afande, mimi za kupashia naweka chini tu. Mbili! Juu siweki. Juu kumi na nusu zinakaa palepale, maana injini inawashwa na za chini. Muulize yeyote aliyewahi kunishikia spana."

"Kopo lako la plagi za kupashia lilikuwa na ngapi?"

"Nne. Mbili za kutumia, mbili za akiba. Za akiba hazijawahi kuonja moto, ziko kwenye karatasi zake."

"Kopo ni tupu. Linakaa wapi?"

"Chini ya kiti cha gari. Mwenye ufunguo wa gari ndiye mwenye kopo."

Inspekta aliliandika jibu hilo. Msema pweke hushinda, na mtu aliyefungiwa ana muda mwingi wa kutunga. Lakini uongo wa mahabusu kwa kawaida huwa mkubwa, wenye maadui na njama. Huu ulikuwa uongo mdogo mno, wa matundu mawili, kama ulikuwa uongo.

"La mwisho. Tamaa gani uliyosema itamuua?"

"Presha. Alitaka niiongeze. Nikamwambia plagi nimezichagua kwa presha hii, petroli nimeipima kwa presha hii, ukizidisha hapo unazikwa. Akanuna. Nikaifunga skrubu ya presha na kuipiga alama."

"Alama gani?"

"Rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye skrubu. Mtu akiigusa, mstari unakatika." Alifuta macho kwa bega. "Yuko hapo nje, eti? Mke wangu. Nasikia sauti yake."

Alikuwepo. Alikuwa kwenye benchi la ukumbini, na mfuko wa nguo safi mapajani. Askari wa zamu alimnong'oneza Inspekta kwamba ameketi hapo tangu asubuhi, na kila akiulizwa kama nguo zipelekwe mahabusu anajibu, bado.

"Wewe ndiye mpya?" mwanamke aliuliza, akisimama.

"Ndiye mimi. Pole sana na msiba, dada."

"Asante. Afande, mimi si mtu wa kusumbua. Mama ameniambia nisikanyage kwake na jina la huyu mtu mdomoni. Sawa. Nilikuja hapa mwenyewe, nikasema niliyoyasikia, hakuna aliyenituma. Lakini nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Niambie kitu kimoja tu. Mume wangu kamuua mdogo wangu, au hakumuua? Ukishaniambia hilo, mengine nitayabeba."

"Nipe mpaka jioni."

"Kila mtu hapa ananiambia jioni." Alikaa tena. "Sina pa kwenda mpaka nijue. Kwa mama siwezi, kwangu siwezi. Kaka peke yake ndiye anayenishika mkono. Bila kaka, sasa hivi ningekuwa naokota makopo barabarani."

Inspekta aliondoka kwa hatua za haraka kuliko kawaida yake. Alimwonea huruma, na huruma humfanya mpelelezi aharakishe pale anapotakiwa kwenda polepole, kwa hiyo alipofika chumba cha vielelezo alisimama kwanza mlangoni mpaka pumzi ikatulia.

Mtunza vielelezo alikuwa mzee wa kazi, asiyependa mifuko yake ifunguliwe. Alitandika karatasi nyeupe mezani, akasimama kando kama shahidi, akaguna. Inspekta alivaa glavu na kuzipanga plagi nne. Kwa macho zilikuwa ndugu wa tumbo moja: ncha nyeusi, kauri nyeupe, namba saba. Alichukua kitambaa cheupe, akafuta ncha ya kwanza. Masizi yalikuwa makavu, yameungulia humohumo kwenye chuma, na kitambaa kilipata kivuli tu. Ya pili vilevile. Akafuta ya tatu.

Masizi yote yalitoka kwa kufuta mara moja.

Mtunza vielelezo aliacha kuguna. Chini ya masizi, ncha ilikuwa inang'aa, kingo zake kali, kauri ya ndani nyeupe pe. Inspekta alikipeleka kitambaa puani. Hakikunuka petroli. Kilinuka nta.

"Mshumaa," alisema.

"Hii haijawahi kuwaka," mzee alisema. "Hii imetoka dukani na kuja hapa."

Ya nne ilikuwa hivyohivyo, na kwenye kauri yake ya nje, pale ambapo waya huvikwa, palikuwa na doa jeusi. Mkaguzi aliliona bila shaka, akadhani ni uchafu wa gereji. Inspekta aliliweka chini ya taa. Doa lilikuwa na mistari, imejipinda vizuri mpaka katikati. Mtu alishika plagi juu ya mshumaa, vidole vikaingia masizi, halafu akaishika kauri nyeupe.

"Mzee, ufunge huu mfuko na uandike ulichokiona. Na mtaalamu wa alama za vidole asitoke leo kabla hajanipigia."

Kutoka hapo alikwenda uani, ambako magari yaliyokamatwa yalipangwa ukutani. La Kitinda lilikuwa la mwisho, limefunikwa turubai, na juu ya tairi la akiba kando yake alikaa dereva wa gari la kuvuta, anayejulikana kama Winchi, akisubiri malipo yake yaidhinishwe. Kaka mtu, katika maelezo yake ya kwanza, alikuwa amedokeza kwamba Winchi ana mkono mrefu, na kwamba kabla ya kumshuku fundi alimshuku yeye kwa kuchokonoa injini.

"Siku ya ajali ulilivuta kuja hapa?" Inspekta aliuliza, akitoa turubai.

"Nilitaka. Nilikuwa nimeshageuza. Bosi, huyo kaka mtu, akasema hapana, lipeleke gereji kwangu, kwanza tuzike. Nikasema sawa, mwenye msiba hapingwi. Baada ya mazishi ndipo akanipigia, njoo ulitoe ulipeleke polisi."

"Njiani hukuligusa?"

"Nilichukua redio," Winchi alisema, na akaona amesema. "Nitairudisha! Lakini injini, afande, yote imepasuka, niibe nini? Vyuma chakavu?"

"Na Rota? Alikwenda gereji?"

"Rota alikuwa hospitali na maiti. Halafu moja kwa moja msibani kwa mama mkwe, anabeba viti, anagawa chai. Kikombe changu kilitoka mkononi mwake. Ndipo polisi wakaja wakamchukua palepale mbele ya wakwe, na glasi mkononi. Niliona haya kwa niaba yake."

"Kwa hiyo gari lilibaki na nani?"

"Na Bosi na kufuli la Bosi."

Inspekta alimulika tochi ndani ya matundu ya plagi. Vipande vya sili zilizovunjika vilikuwa vimezagaa ndani kama changarawe, na kila tundu lilikuwa limechubuka mdomoni, limeshika vitone vya chuma kilichoyeyuka. Ilikuwa kama mlango uliopigwa mawe, na walinzi wanne wanaodaiwa kusimama hapo, yaani zile plagi mezani, hawakuwa na hata mkwaruzo. Kisha akaitafuta skrubu ya presha. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa fundi na hakujifanya fundi. Rangi ya kucha ndiyo iliyomwonyesha. Nusu ya mstari mwekundu ilikuwa kwenye nati. Nusu nyingine ilikuwa kwenye skrubu, upande mwingine kabisa, na skrubu imeingia ndani.

Alisimama hapo akiunganisha. Mtu aliongeza presha bila fundi kujua. Plagi za kumi na nusu zilizofungwa zilikuwa za presha ndogo. Zilizidiwa, zikawa makaa, injini ikapasuka. Plagi hizo zilizoungua zingemsema yule mtu kwa yeyote anayejua kuzisoma. Akazitoa, akachukua kopo la Rota, akafunga zote nne zilizokuwemo bila kujua kwamba Rota hutumia mbili. Mbili za akiba zilikuwa safi mno, akazichoma masizi. Halafu akaketi kusubiri. Inspekta alifungua jalada kwenye maelezo ya kwanza kabisa ya kaka mtu, na sentensi aliyoikumbuka ilikuwepo: "Fungueni plagi, mtaona."

Kaka Mkubwa, ambaye mtaani aliitwa Bosi, alimpokea gerejini nyuma ya nyumba yake. Viti vya kukodi vya msiba vilikuwa vimerundikwa ukutani, bado havijarudishwa. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti, na macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Karibu, afande. Amekiri?"

"Nani?"

"Kwani kuna mwingine?"

Inspekta alikaa bila kuambiwa. Askari aliyekuja naye alibaki mlangoni. "Nina swali la kitaalamu. Plagi za kupashia ni ngapi?"

"Nne. Injini ina plagi nne."

"Rota huweka mbili. Za chini tu."

Bosi alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi nanunua vitu, yeye anafunga. Kama siku ile aliweka nne, basi ndiyo ujue alikusudia."

"Mbili kati yake hazijawahi kuwaka. Zilipakwa masizi ya mshumaa."

"Basi muulizeni yeye."

"Yeye alikuwa kwa mama yako anagawa chai. Gari lilikuwa humu."

"Yule Winchi mnamjua? Yule anaweza kuiba taa ikiwa inawaka."

"Aliiba redio. Keshasema." Inspekta alifungua mkoba wake, akatoa kidau cha wino na karatasi nyeupe, akaviweka mezani taratibu. "Aliyepaka masizi aliacha kidole kwenye kauri. Sihitaji maelezo mengine. Nipe vidole vyako kumi nikavilinganishe, halafu nakwenda zangu."

Bosi aliutazama wino. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, ikashuka mapajani. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anapanga vyombo, kikombe juu ya kikombe, na gerejini wote watatu walikuwa wanasikiliza vile vikombe.

"Mstari wa rangi ya kucha nao umekatika," Inspekta alisema. "Uliizungusha skrubu kiasi gani?"

"Nusu," Bosi alisema. Sauti ilitoka nyembamba, si yake. "Nusu mzunguko. Akaenda mazoezini akarudi, akasema kaka, bado. Nikaongeza nusu."

"Nani alikuomba?"

"Yeye mwenyewe. Alinililia. Kaka, Rota ananibania, nashindwa na watu ninaowazidi. Yule nilimlea mimi, afande. Baba alikufa yeye hajaota meno. Sijawahi kumnyima kitu, hata siku moja."

"Na Rota hukumwambia."

"Angekataa."

"Na baada ya ajali?"

"Rota angezitazama zile plagi mara moja tu. Angesema, nani kagusa presha? Mbele ya mama."

"Kwa hiyo ukaamua mume wa dada yako aende jela."

Bosi aliinua uso, na Inspekta aliona kwamba jibu hili alilikuwa nalo tayari. Lazima alijiambia mara nyingi. "Yule ni mtu wa kuja, afande. Mkwe. Mama akimchukia, ataishi, ana kwao. Mama akinichukia mimi, nakwenda wapi?"

Inspekta alikuwa amesikia sababu nyingi katika kazi yake, za tamaa na za wivu, na nyingi zilimchosha tu. Hii ilimkasirisha, kwa sababu aliielewa.

"Dada yako yuko kwenye benchi kituoni tangu asubuhi," alisema. "Hajui alie upande gani. Anasema bila wewe angeokota makopo."

Hilo lilimwingia kuliko wino. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyemgusa. Alipomaliza aliinuka, akaenda kwenye kabati la chuma, akatoa glavu ya dereva iliyokunjwa. Askari alisogea. Bosi aliikunjua juu ya karatasi nyeupe, plagi nne zikamwagika. Ncha zilikuwa zimeyeyuka kama pipi iliyonyonywa. Moja haikuwa na ncha kabisa.

"Kwa nini hukuzitupa?"

"Nilijaribu."

Inspekta alizihesabu, akazifunga, akaandika saa. Kisha Bosi mwenyewe akaunyoosha mkono kwenye wino, akabonyeza kidole baada ya kidole, kwa uangalifu, akitaka alama zitoke vizuri.

"Naomba kitu," alisema. "Dada asiambiwe na mtu. Nitamwambia mimi. Usinifunge pingu mpaka nimwambie. Nikishasema, nifanyeni mnavyotaka."

Kanuni ilitaka pingu. Inspekta aliijua kanuni, na alijua pia kwamba kama habari hii ingetoka kinywani mwa polisi, yule mwanamke asingeiamini. Angeishi akidhani kaka yake naye amebambikiwa. Alimwambia askari aziweke pingu mfukoni.

Njiani simu ya Inspekta iliita mara moja: mtaalamu wa alama za vidole, akitaka karatasi ipelekwe kwake upesi kabla hajafunga. Kituoni mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, akamwuliza kwa mbali kama lile jalada liko tayari. "Liko tayari," Inspekta alijibu, "lakini si lile." Alimtuma askari wa zamu akamtoe Rota, amlete ukumbini bila haraka.

Mwanamke aliwaona wakiingia. Aliona kaka yake kwanza, na labda hakuona kingine chochote. Nguo zilianguka kutoka mapajani, akaja mbio ukumbi mzima, akamrukia shingoni kama walivyokuwa wakifanya utotoni, na watu waliokuwa kaunta wakageuza macho kwa adabu.

"Afadhali umekuja, kaka," alisema kifuani kwake. "Nilikuwa peke yangu. Nilijua tu utakuja."

Inspekta alikuwa hatua mbili nyuma yao. Angeweza kusema kitu, na baadaye alijiuliza kwa nini hakusema. Bosi alisimama mikono imening'inia, vidole vyake vyote vyeusi kwa wino. Hakumkumbatia, kwa sababu angemchafua.

"Mdogo wangu," alisema. "Mumeo hakufanya kitu. Presha niliongeza mimi. Zile plagi niliziweka mimi."

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa, Rota akatokea na askari, akasimama. Mkewe hakugeuka. Mikono yake ilikuwa bado shingoni kwa kaka yake, na ilibaki hapohapo, maana hakujua tena aipeleke wapi.